Kabla ya Ngoma ya Habari: Wafanyakazi wa Redio Tanzania Dar es Salaam na Yale Wanayoyakumbuka

Babu yangu mzaa baba aliishi Kyotera, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Mutukula. Mwaka 1980 askari mmoja wa Tanzania, miongoni mwa waliobaki Masaka baada ya vita, alimpa kadi ya salamu ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Babu aliijaza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Aliandika majina ya watu aliotaka wasalimiwe, wengine wakiwa ndugu waliokimbilia upande wa Bukoba wakati wa Amin, akamrudishia askari aipeleke. Kisha akaanza kusikiliza. Alisikiliza wiki baada ya wiki na hakuisikia kadi yake. Labda ilisomwa siku ambayo betri zilikuwa zimekwisha, labda haikufika kabisa. Alifariki akiwa bado analitaja jambo hilo. Alilitaja kwa kicheko, lakini alilitaja.

Nilipopata nafasi ya kwenda Dar es Salaam kwa miezi mitatu ya mafunzo ya lugha, nilikwenda na kadi hiyo kichwani. Kwa msaada wa mwenyeji wangu nilikutana na wazee watatu waliofanya kazi RTD kwa miaka mingi: fundi mitambo mmoja, mama mmoja aliyeshughulika na barua za wasikilizaji, na mzee aliyekuwa akifasiri habari. Walikubali niandike waliyonieleza ila hawakutaka niwataje. Wote watatu walizungumza kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyonitatiza. Mwanafunzi wa historia hufundishwa kuogopa kumbukumbu tamu, kwamba mzee husifu ujana wake na kusema ni historia. Nakubali. Lakini katika insha hii nataka kuonyesha kwamba utamu wa kumbukumbu za watu hawa nao ni ushahidi, na kwamba maana yake huonekana vizuri zaidi ukiuweka kando ya redio ya jirani, yaani ya kwetu Kampala, ambako utamu huo ni adimu.

Kwanza historia yenyewe, kwa ufupi, maana imeandikwa na wengi. Utangazaji Dar es Salaam ulianza mwaka 1951 kama jaribio la serikali ya kikoloni. Kituo kiliitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mitambo yake ilikuwa midogo kiasi kwamba jina lilikuwa la kweli: haikufika mbali na mji. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, lililojulikana kwa herufi za Kiingereza, TBC, likifuata mfano wa BBC ya Uingereza. Uhuru wa Desemba 1961 ulilikuta shirika likiwa bado na bodi yake. Mwaka 1965 serikali ililivunja shirika, redio ikawa idara ya wizara, na watangazaji wakawa watumishi wa umma. Hapo ndipo lilipozaliwa jina lililodumu hadi mwanzoni mwa karne hii, Redio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 2002 ilikuja Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 herufi TBC zikarudi, safari hii T ikiwa ya Tanzania. Fundi wangu anapenda sana habari hii ya herufi. Alifundishwa kazi na watu wa TBC ya kwanza, akastaafu, kisha akaona TBC ya pili ikifunguliwa, na husema yeye hakuhama. Ni vibao vilivyohama.

Nilimkuta nyumbani kwake Kimara, barazani, amevaa kikoi. Nilipomwamkia shikamoo hakuitikia kwanza. Aliinua kidole nisubiri, akamaliza kusikiliza kitu kilichokuwa kikisemwa redioni ndani, kisha akaitikia marahaba na kuomba radhi. Mkewe alisema ndivyo alivyo. Kwa miaka thelathini na zaidi kazi yake ilikuwa kusikiliza kosa kabla halijamfikia msikilizaji.

Jengo analolikumbuka liko Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Katika maelezo yake watangazaji mashuhuri hutokea mara chache, na wakitokea ni watu wanaokohoa karibu mno na kipaza sauti. Anaowakumbuka ni dereva wa gari la zamu aliyepita mitaani usiku wa manane kuwachukua wa zamu ya alfajiri, mlinzi, mama wa kantini, na wenzake wa chumba cha mitambo. Alinieleza namna ya kukata na kuunga tepu kwa wembe. Unaisogeza tepu kwa mkono, mbele na nyuma, taratibu, hadi usikie neno linapoanzia. Unatia alama kwa kalamu ya nta. Unakata kwa mshazari, si wima, ili masikio yasisikie mshtuko. Unaunga kwa gundi yake maalumu. Alipokuwa akieleza mikono yake ilifanya kazi hewani. Alisema fundi mzuri aliweza kuondoa kikohozi katikati ya hotuba na mhutubu mwenyewe asijue kuwa alikohoa. Nilimuuliza kama ni vikohozi tu vilivyoondolewa. Alicheka, akamwita mjukuu wake alete chai. Nitalirudia jambo hili.

Kumbukumbu yake tamu kuliko zote ni ya bendi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Mwanamuziki aliyetaka sahani ilimbidi aende Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe na wengine. Kwa bendi nyingi studio ya RTD ndiyo ilikuwa mlango pekee wa kusikika nchi nzima. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, bendi za majeshi, bendi za mikoani, zote zilipita pale. Kurekodi kulikuwa kwa mkupuo mmoja. Vipaza sauti vichache, wanamuziki wote chumba kimoja, na mpiga tarumbeta akikosea dakika ya nne mnaanza upya kutoka dakika ya kwanza. Fundi anakumbuka joto: kipoza hewa kilizimwa kwa sababu kilinguruma. Anakumbuka wanamuziki waliokuja moja kwa moja kutoka dansini, hawajalala, na kupiga vizuri kuliko walivyopiga usiku. Nilimuuliza kuhusu malipo. Alikiri yalikuwa madogo, na kwamba nyimbo zikishaingia kwenye tepu zilibaki maktaba ya redio, hazikuuzwa. Mashairi nayo yalipitiwa kabla ya kurekodiwa, na wimbo uliotiliwa shaka ulirudishwa. Hakuona uchungu katika hilo alipolieleza. Mwanamuziki wa wakati ule, nadhani, angelieleza kwa sauti nyingine. Kumbukumbu ya fundi ni ya upande wa kioo aliokuwa yeye.

Yule mama wa barua ni mtu wa aina tofauti. Anacheka haraka, anasahau miaka, hasahau majina. Aliingia RTD akiwa msichana aliyetoka shule na kupangwa kwenye meza ya kupokea kadi na barua. Anasema magunia ya posta yalikuja yamejaa, na kazi ya kwanza asubuhi ilikuwa kuyamwaga chini. Zilikuwamo kadi za salamu, barua za kuomba nyimbo, mashairi ya malenga, barua za watoto waliokuwa wakisikiliza Mama na Mwana wa Debora Mwenda, malalamiko kuhusu vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi kutoka kwa watu walioamini kwamba wale walikuwa majirani zao na wanasemwa. Kulikuwa na barua za Ugua Pole, kipindi cha wagonjwa waliolazwa hospitali. Na kulikuwa na matangazo ya vifo.

Juu ya matangazo ya vifo alizungumza muda mrefu, na naona ni haki nami nikae hapo. Wakati ule simu zilikuwa chache na nchi ni kubwa. Mtu akifa Dar es Salaam na ndugu zake wako Songea, Kigoma na Musoma, njia ya kuwafikia wote kwa siku moja ilikuwa redio. Jamaa walikuja Barabara ya Pugu wenyewe, wengine bado wana vumbi la mochwari, wakapanga foleni na vikaratasi. Kila tangazo lililipiwa kwa hesabu ya maneno, hivyo wafiwa walilazimika kuhesabu majina ya jamaa wakiwa kwenye majonzi. Mama huyu alijifunza kuwasaidia kupunguza maneno bila kupunguza watu. Unaweza kuacha maneno ya sifa. Huwezi kumwacha shangazi wa marehemu, maana atasikiliza, na asipolisikia jina lake msiba utakuwa na ugomvi. Alisema ukoo wa Kitanzania aliufahamu pale, kwenye vile vikaratasi: nani hutajwa kwanza, nani hutajwa na mumewe, nani hutajwa peke yake. Hakuna kitabu cha anthropolojia nilichosoma darasani kilichonieleza ukoo namna hiyo. Na vikaratasi vile vilikwenda wapi? Vilitupwa. Vilikuwa vikaratasi tu.

Mzee wa tatu alikuwa mfasiri, na kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili ndiye aliyepaswa kuja kwanza. Habari za dunia zilifika kwa Kiingereza kupitia mashine za mashirika ya habari. Za nchini, tangu 1976, zilitoka pia kwa Shihata, Shirika la Habari Tanzania. Saa mbili usiku ngoma ya habari ilipolia, zilipaswa ziwe zimekwisha kuwa Kiswahili. Tuzingatie vifaa alivyokuwa navyo. Kamusi kubwa iliyokuwapo mezani ilikuwa ya Johnson, ya mwaka 1939. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka 1981. Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwapo tangu 1967, lakini baraza hukaa na kujadili, na ngoma haisubiri. Mfasiri alipokutana na neno la mambo ya fedha, ya anga au ya tiba, aliuliza chumba kizima kwa sauti, na mwenzake wa Tanga akajibu hivi, wa Unguja akajibu vile, na aliyelelewa Tabora akasema maneno yote mawili kwao hayaeleweki. Aliyekuwa na zamu ya kusoma ndiye aliyeamua, kwa kuwa ulimi ulikuwa wake. Kesho yake neno lilikuwa limeshasikika hadi mpakani, na babu yangu Kyotera alikuwa ameshalijifunza.

Mfano alionipa ni neno ambalo sisi Waganda tunapaswa kulifahamu. Vita vilipoanza mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera na Mwalimu Nyerere kusema hadharani kwamba Tanzania inayo sababu ya kumpiga, inao uwezo na inayo nia, redio haikumwita Amin rais. Ilimwita nduli. Mfasiri anasema neno lilikuwamo katika lugha tangu zamani lakini watu wengi wa bara hawakuwa wakilitumia. Vita ndivyo vilivyolitia mdomoni mwa kila mtoto. Baba yangu alikuwa na miaka tisa. Anasema kwa muda mrefu alidhani Nduli ni jina la kwanza la Amin.

Kati ya kumbukumbu hizo kuna moja ambayo wote watatu waliileta bila kuulizwa, nayo ni ya mpira. Mwaka 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola, Zambia, ikihitaji sare ili icheze fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizofanyika Lagos 1980. Peter Tino alifunga, mchezo ukaisha moja kwa moja. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilipata kituo cha kwanza mwaka 1994. Kwa hiyo bao hilo, linalotajwa hadi leo, nyumbani halikuonwa na mtu. Lilisikiwa. Mfasiri anasema alikuwa zamu na hakuweza kuendelea kuandika. Mama anasema alikuwa nyumbani na mtaa mzima ulitoka nje kwa wakati mmoja. Fundi, kama kawaida yake, anakumbuka laini ya simu kutoka Zambia iliyokuwa ikififia na kurudi, na hofu kwamba ingekatika. Hapa naomba niongeze kwamba sisi Uganda tulikuwa tumeshacheza fainali yenyewe Accra mwaka 1978. Nilipowakumbusha walisema hawakumbuki.

Sasa turudi kwenye wembe. Redio ile ilikuwa ya serikali, na serikali ilikuwa ya chama kimoja. Mazungumzo Baada ya Habari hayakuwa mazungumzo ya pande mbili. Mwaka 1973 RTD ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, na 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walichimba vyoo, walichemsha maji, na wazee wangu wana haki ya kujivuna. Lakini miaka hiyohiyo ilikuwa ya Operesheni Vijiji, mamilioni wakihamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba zao zikibomolewa. Nani alisikika redioni akilia? Nilimuuliza kila mmoja kwa wakati wake. Fundi aliita chai, kama nilivyosema. Mama alisema barua za namna hiyo zilikuja, na kwamba zilikuwa na meza yake nyingine, si yake. Mfasiri alinyamaza, halafu akasema sentensi zilikuwa zinakuja zimeshaandikwa. Hakuna aliyekana. Nilijifunza kuheshimu majibu hayo mafupi kuliko hadithi ndefu, kwa sababu yanaonyesha mpaka wa utamu ulipo. Wanaipenda nyumba, na wanajua ni nani alikuwa mwenye nyumba.

Pengine msomaji atasema: basi, ni watumishi wa serikali wanaotetea ujana wao. Nilikuwa karibu kuandika hivyo pia, hadi nilipojaribu kufanya mahojiano kama haya Kampala.

Redio yetu ni ndugu wa umri uleule. Utangazaji wa Uganda ulianza 1954, miaka mitatu baada ya Dar es Salaam, chini ya wakoloni walewale. Lakini tazameni yaliyoingia katika studio zake. Tarehe 25 Januari 1971 askari alisoma redioni sababu za jeshi kumwondoa Obote. Aprili 1979 David Oyite-Ojok alitangaza kupitia redio hiyohiyo kwamba utawala wa Amin umeanguka. Julai 1985 walikuja wanajeshi wengine, na Januari 1986 wengine tena. Kila aliyeitaka nchi aliitaka redio kwanza. James Bwogi, aliyekuwa kiongozi katika televisheni ya Uganda, alitoweka katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Amin. Mzee mmoja wa Kampala niliyezungumza naye alianza kila kumbukumbu kwa kunieleza nani alikuwa amesimama mlangoni siku ile na amevaa sare gani. Hakuwa na hadithi ya kantini. Nilimuuliza walikula wapi, akaniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu.

Dar es Salaam haikuwa peponi. Januari 1964 askari wa Colito waliasi na mji ukatetemeka kwa siku kadhaa. Lakini uasi ule haukuzaa serikali mpya, na tangu RTD ianzishwe hadi jina lake lilipobadilishwa hakuna mwanajeshi aliyesoma kwenye kipaza sauti chake tangazo la kuipindua serikali. (Unguja ni hadithi nyingine: sauti iliyotisha redioni wakati wa mapinduzi ya mwezi huohuo ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Uganda. Tumechangia.) Ndiyo sababu fundi wa Dar es Salaam anaweza kumkumbuka dereva wa zamu. Alikuwa na nafasi kichwani ya kumkumbuka. Utulivu hauandikwi katika taarifa ya habari kwa sababu si habari, lakini umebaki katika namna wazee hawa wanavyokumbuka: vikombe, kipoza hewa, shangazi asiyetajwa. Na hapo naona pia kwa nini babu, ambaye Kiswahili kilimfikia kwanza kama lugha ya askari wa vizuizini, alikipenda kilipotoka Dar es Salaam. Pale alikuta mtu anasomewa salamu. Najua kwamba Kiswahili hicho kilimjia baadaye na jeshi pia, mwaka 1979, na kadi aliipewa na askari. Sina namna ya kulinyoosha jambo hili zaidi.

Nyumba ile ilitawanyika bila risasi. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, na 1994 Radio One ikaingia hewani Dar es Salaam. Wengi waliokuwa sauti za RTD wakaondoka, wengine wakiwa wameshatangulia. Julius Nyaisanga, Uncle J wa wasikilizaji, alikwenda Radio One. Charles Hilary alipita huko pia kabla ya kwenda kwenye idhaa za Ulaya. Tido Mhando aliongoza idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akarudi kuongoza utangazaji wa umma nchini mwake. Edda Sanga, mmoja wa wanawake walioanzisha chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, mwaka 1987, alikuja kuwa mkurugenzi wake. Wazee wangu watatu walibaki. Walipobaki, wanasema, waliendelea kuwasikia wenzao kila siku, lakini kwenye masafa mengine, na fundi alikuwa akitambua kwa namna mtu anavyovuta pumzi kabla ya sentensi kwamba amefundishwa Barabara ya Pugu.

Lipo swali moja ambalo wanafunzi wenzangu watataka kuniuliza: kama tepu zipo, kwa nini tutegemee midomo ya wazee? Tepu zipo, nyingi, na maktaba ile ni hazina: muziki wa miongo kadhaa, hotuba za Mwalimu, ngoma za makabila. Lakini fikirini kilichohifadhiwa. Kilihifadhiwa kilichorekodiwa, na kilirekodiwa kilichoonekana kina thamani. Habari zilisomwa moja kwa moja zikapotea hewani. Salamu, matangazo ya vifo, Ugua Pole, vilipita vivyo hivyo. Tena fundi alinieleza, na hapa hakuita chai, kwamba miaka ya mwanzo ya themanini, fedha za kigeni zilipokuwa hakuna nchini hata za dawa, tepu mpya zilikuwa adimu na ilibidi za zamani zifutwe ili zitumike tena. Yeye mwenyewe alifuta. Aliorodhesha alivyovikumbuka: kipindi kimoja cha mashairi, mahojiano na wazee wa mkoa fulani, tamthilia. Alisema kila kabla ya kufuta alisikiliza dakika chache, si kwa sababu aliagizwa. Kwa hiyo baadhi ya vipindi vya RTD vimebaki mahali pawili tu duniani, katika dakika chache ndani ya kichwa cha mzee mmoja wa Kimara, na katika vichwa vya wasikilizaji wanaozidi kupungua.

Siku ya mwisho nilimweleza mama wa barua habari ya kadi ya babu. Hakushangaa, aliniuliza mambo kama mtu aliye kazini. Kadi ilitumwa mwezi gani? Ilitumwa na askari au kwa posta ya kawaida? Mwandiko ulikuwa unasomeka? Alinieleza kwamba za kutoka Uganda wakati ule zilikuja kwa mafungu, pamoja na za askari, na kwamba zilipozidi nyingi zilisomwa usiku sana ili zisirudishwe kapuni. Huenda babu alikuwa amelala. Kumbukumbu ya zilizosomwa haikuwekwa. Kadi ikishasomwa ilitiwa alama ya kalamu na kutupwa.

Kisha akaniuliza majina yaliyokuwa kwenye kadi ni yapi. Nilimtajia saba. Mengine babu alikuwa ameshayasahau.